Kiganja cha Dobi

Ukoo wa marehemu mume wangu umetoa wahasibu na mhandisi, na mimi niliyeolewa humo nimestaafu nikiwa mwalimu mkuu. Umetoa pia dobi mmoja, shemeji yangu, kitindamimba wa mama mkwe. Mtaani wanasema alimkaanga kobe. Kwa kuwa neno likishatembea halina breki, naandika mambo yalivyokuwa.

Kibanda chake kimepakana na ua wangu. Amepiga pasi tangu ujana, kwanza ya mkaa, kisha ya umeme, na mkunjo wa suruali ukitoka kwake unaweza kukata mkate. Wengine hupima pasi kwa kidole chenye mate. Yeye huigusa kwa kiganja kizima, akatikisa kichwa, akasema, "Bado." Wateja walikuwa wakileta wageni wao waone.

Mke wake alifariki mapema, akabaki na binti mmoja. Binti alipokwenda kusoma mbali alimwachia kobe wake, tuliyemwita Mheshimiwa kwa sababu hakuwahi kufika popote kwa wakati.

"Baba, ukimwona huyu umeniona mimi," alimwambia.

Msimu wa baridi ukaingia. Mheshimiwa akaacha kula, akajikunyata kwenye kona ya sanduku lake la mbao. Shemeji alikuwa amesikia kwamba kobe hana joto lake mwenyewe, hulitafuta nje, na hilo ni kweli. Basi akachukua pasi yake kuukuu ya umeme, akaigeuza uso juu, akaiweka kwenye alama ya hariri, ile ya moto mdogo kabisa, akaifunika kwa kigae na juu ya kigae akatandika kitambaa. Akaweka kiganja.

"Vuguvugu tu," akasema kwa fahari, akamlaza kobe juu yake.

Kobe hakuhama. Sote tuliona kwamba kule kutulia ni shukrani.

Siku alipomwinua ili amwoshe, gamba la tumboni lilikuwa limeingia weupe na kubabuka, na chini yake palikuwa pabichi. Shemeji alikaa chini sakafuni kama mzigo uliokatika kamba.

Tulimpeleka kwa daktari wa mifugo ndani ya kapu la nguo, tumemfunika shuka, maana mtaa una macho. Njiani mteja akatusimamisha. "Dobi, suti yangu imo humo?"

"Haimo," alijibu, akaongeza mwendo.

Daktari alimgeuza kobe taratibu, akasikiliza habari ya pasi bila kucheka.

"Mzee, kobe huota jua kwa mgongo," alisema. "Joto likitoka chini, tumbo halimwambii mapema kwamba anaungua, naye hukaa palepale. Weka taa ya joto juu yake, upande mmoja tu, uizungushie wavu asiiguse. Upande wa pili uache baridi, ajichagulie mwenyewe. Na ufunge kifaa cha kuizima joto likizidi, pamoja na kipimajoto."

"Nilipima, daktari. Kwa mkono."

Daktari akakishika kile kiganja, akakibonyeza kwa ncha ya kalamu. "Unasikia?"

"Nisikie nini?"

Nikaangalia dirishani.

Kobe alipakwa dawa, na hatukuahidiwa kwamba angepona. Shemeji akawa hali chakula, akipiga pasi shati moja mara mbili mbili. Nikamshauri, na bado naona lilikuwa shauri la mtu mzima: "Binti akiuliza, sema ni uzee. Kobe naye huzeeka."

"Shemeji, huyu kobe ni mdogo kuliko binti yangu."

"Basi nyamaza. Kunyamaza si uongo."

Binti alipopiga simu, nilikuwapo; shemeji alikuwa anakunja nguo na simu iko juu ya meza, spika imewashwa.

"Baba, Mheshimiwa anakula?"

Shemeji akaiweka nguo aliyoshika. "Mwanangu, nimemchoma."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa pasi."

"Pasi, Baba? Kwani alikuwa shati?" Akaanza kulia. "Kwani hukupima?"

"Nilipima kwa mkono."

"Mkono uleule uliokuwa ukinipima homa?"

Nilikumbuka yule mtoto anatetemeka kitandani, baba ameweka kiganja kwenye paji la uso wake, anasema, "Hana kitu, ataenda shule." Naye shemeji alikuwa anakumbuka hayo hayo. Nilijua kwa jinsi alivyokificha kiganja nyuma ya mgongo, kana kwamba simu ina macho.

Mheshimiwa aliishi. Taa yake inaning'inia juu ya kona moja ya sanduku, ndani ya wavu, na tumboni ana kovu ambalo binti alilipapasa muda mrefu aliporudi likizo. Hakumgombeza baba yake. Ila safari ilimletea mafua, akajilaza kwenye kochi, amejifunika mpaka kidevuni.

Shemeji alimsogelea, akanyoosha mkono kuelekea paji la uso. Ukafika katikati, ukarudi.

"Shemeji," aliniita, "njoo umpime wewe."

Nilimpima. Alikuwa anawaka moto.