Jani la Sale kwenye Bampa ya Stauti

Huku kwetu Kilema, juu ya Moshi, tunatania kwamba gari la Mzee Wenseslaus kila mtu atalipanda, ila mara moja tu. Ni utani wa matangani, unasemwa pombe ya mbege ikishazunguka. Mwenyewe huwa anacheka nasi. Mke wake, Mama Hilaria, hakuwahi kucheka.

Gari lenyewe ni Toyota Stauti, pikapu ya zamani ya petroli. Rangi yake ilikuwa bluu, na bluu hiyo sasa unaiona ukifungua milango tu. Kiti cha mbele ni kimoja kirefu, kinachukua watu watatu, na gia iko kwenye usukani. Vijana wakichungulia ndani wanauliza gia imekwenda wapi. Mzee aliipata miaka ya themanini kutoka kwenye shamba kubwa la kahawa lililokuwa linauza vitu vyake. Aliyemwelekeza ni Dhirendra, Mhindi aliyekuwa na duka la spea mjini Moshi. Dhirendra alimwambia, "Wense, chukua hiyo. Mimi kila siku nauza spea. Za hiyo nauza kidogo sana." Kwa mtu anayekula kwa kuuza spea, hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Miaka ya mwanzo Stauti ilibeba vitu vya watu walio hai kabisa. Ilipeleka kahawa ushirika, ikashusha ndizi sokoni Kiboriloni, ikapandisha majani ya ng'ombe kutoka shamba la tambarare. Mama Hilaria alikuwa fundi wa kushona sare za shule, na yeye ndiye aliyekaa mbele, vitambaa vyake magotini. Wanaokumbuka wanasema alikuwa akipita anapunga mkono kama bibi harusi.

Kisha Doris akafa. Doris alikuwa mdogo wake Hilaria, alifanya kazi mjini. Gari lililokodiwa kumleta nyumbani lilishindwa kupanda kwa sababu ya matope, likabaki chini kwenye lami na jeneza ndani. Mzee Wenseslaus, wakati huo kijana, akateremka na Stauti akamchukua shemeji yake. Hilaria alipanda nyuma, akakaa kwenye ubao kando ya jeneza, na kila springi ziliporuka alilishika kwa mikono miwili. Alipofika nyumbani akashuka, na tangu siku hiyo hakuipanda tena. Akiwa na safari alitembea hadi lami na mwavuli wake, huku gari la mume wake limelala uwanjani.

Baada ya Doris watu wakajua kwamba kuna gari linaloweza kupanda na maiti wakati wa masika. Sisi mtu akifia popote lazima arudi alale kwenye kihamba chake, shamba la ukoo, kwenye migomba, pamoja na wazee wake. Kwa hiyo walimfuata. Alibeba mmoja, akabeba mwingine, hakumkatalia mtu. Pakazuka na desturi ya hapa hapa kwetu. Maziko yakiisha, mtu wa familia ya marehemu anakata jani la sale na kulifunga kwenye bampa ya Stauti. Sale ni ule mmea tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba na makaburini. Jani likikaa pale, gari limepumzika. Likidondoka lenyewe barabarani, gari liko huru kwa msiba mwingine. Kwa barabara yetu ilivyo, halikuwa likichelewa kudondoka.

Lakini mtu mzima na afya yake hakuna aliyekubali tena kuipanda. Hata lifti ya mvua watu waliikataa kwa heshima. "Asante mzee, nanyoosha miguu."

Desemba watoto wetu wanaporudi nyumbani kwa Krismasi, wanajaza viwanja kwa magari, na karibu yote ni Toyota. Noah, Prado, Harrier, IST. Wanasimama na chupa mkononi wanayasifia. Mwaka juzi Denis, anayeishi Dar, alisema Prado yake imetoka Dar mpaka hapa bila yeye kuhisi shimo hata moja. Jovin, mtoto wa kwanza wa Mzee Wenseslaus, anayefanya kazi Moshi mjini, akasema IST yake inakunywa mafuta kama ndege anavyokunywa maji. Ndipo Denis akamgeukia mzee.

"Na wewe meku, Stauti yako unaionaje?"

"Abiria wangu hawajawahi kulalamika," akasema mzee.

Tulicheka mpaka wengine wakamwaga vinywaji. Mama Hilaria aliinua sinia lake akaingia jikoni.

Nyumbani kwao gari halikuzungumzwa. Mimi ni jirani, mpaka wangu na wao ni sale hizo hizo, na kwa miaka yote sikuwahi kusikia mmoja akimtajia mwenzake lile gari. Akienda mochwari alisema, "Nateremka." Naye mama alijibu, "Haya."

Masika ya mwaka huu yalikuja mazito. Mama Hilaria alikuwa na shida ya moyo kwa muda, miguu ikijaa na kupungua. Aprili ilijaa haikupungua. Asubuhi moja mzee akanipigia simu niende. Nilimkuta mama amekaa kitandani, ameegemea mito, anahema kama mtu aliyetoka kupanda mlima. Akilala tu pumzi zinakata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kumsaidia kunipakia?"

"Nimekuja kukuona tu."

"Basi umeniona. Mwambie baba yako mimi bado mzima. Lile gari lake lisubiri zamu yake."

Mzee alikuwa mlangoni, kofia mkononi.

Gari la wagonjwa lilikuwa limeitwa upande wa Kirua Vunjo, na huko nako daraja lilifunikwa na maji. Tulifikiria machela, lakini mtu asiyeweza kulala utamwekaje kwenye machela? Elimringi wa juu ana Hilux, ila alikuwa ameshuka nayo safari. Jovin akasema kwenye simu, sauti ikasikika chumba kizima, "Mama, nakuja mwenyewe. Baba, usimlazimishe kwenye ile. Nakuja."

Basi tukamngojea Jovin.

Nikiwaza sasa naona tulikaa kama watu wanaongojea basi. Mtori ukapikwa, mama akaonja kijiko akaacha. Mzee kila mara alitoka, akawasha Stauti, akaiacha ingurume, akaizima. Mama akisikia ngurumo alifumba macho. Jioni Jovin akafika kwa miguu, viatu mkononi, suruali imejaa matope mpaka kiunoni. IST ilikuwa imelala mtaroni kwenye kona ya chini ya misheni. Gari la chini vile na matope yale, hata usingeweza kulilaumu.

"Baba, tungempakia tu kwenye Stauti," Jovin akasema jikoni, kwa sauti ya chini.

"Kamwambie wewe."

Akaenda kumwambia. Mama akamjibu, "Mama yako mdogo alikaa wapi kwenye gari lile? Unataka nikae hapo?" Jovin akatoka analia. Hakuna aliyeendelea.

Kulipokucha midomo ya mama ilikuwa imebadilika rangi. Mzee alimtazama, akavaa koti lake la mvua, akatoka. Nilidhani anakwenda kuwasha gari tena. Alikwenda mpakani. Alirudi na jani moja la sale, refu, bichi, linatiririka maji.

Kwa msomaji asiyetoka huku niseme kidogo. Sale haifungwi kwenye bampa tu. Mtu akikujia ameshika jani la sale anakuomba jambo, hasa msamaha, huwezi kumkatalia. Hata kama uliapa. Wazee walipatanisha hata ugomvi wa damu kwa jani hilo. Lakini sijawahi kuona mwanamume analileta kwa mke wake, na mzee mwenyewe nadhani alijua hivyo.

Akapiga magoti kando ya kitanda. Magoti yalilia.

Mama akalitazama lile jani. "Baba Jovin, hilo ni la kwenye bampa au ni langu?"

"Ni lako, Mama Jovin."

"Umenikosea nini?"

"Sijui. Nakuomba upande."

"Sale si ya kuombea lifti."

"Leo itakuwa."

Akahema muda mrefu. Tulikuwa tunamsikia tu. "Inuka, utaniongezea ugonjwa na hayo magoti."

"Siinuki."

"Umenionea, Baba Jovin," akasema. Akanyoosha mkono, akalipokea.

Tulimbeba na kiti chake mpaka mlango wa gari. Alikaa katikati, mzee kwenye usukani, mimi mlangoni nikamshika bega asianguke. Jovin akapanda nyuma chini ya turubai. Tulipoanza kuteremka mama akauliza, "Jovin yuko wapi?"

"Nyuma."

"Mwambieni asilale."

Mzee akacheka. Alicheka na machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiwiko kwa sababu mikono yote ilikuwa kwenye usukani. Barabara ilikuwa mfereji. Stauti iliteremka polepole kwenye gia ya kwanza, ikiteleza kidogo kwenye kona, ikijirudisha. Tukaipita IST ya Jovin mtaroni.

Huku akiendesha mzee akaanza kuongea. Alimweleza aliyoambiwa na Dhirendra zamani, siku alipokwenda kununua klachi. Kwamba hawa Wajapani wenye Toyota hawakuanza na magari. Mzee wao wa kwanza alikuwa mtoto wa kijijini, akimwona mama yake akihangaika kufuma vitambaa kwa mkono, akatengeneza mtambo wa kufuma. Mtambo wake uzi ukikatika unasimama wenyewe, kitambaa kisiharibike. Mwanawe ndiye aliyeingiza mambo ya magari.

"Kumbe ni mafundi nguo," mama akasema.

"Wafumaji."

"Ni wale wale." Akapapasa kiti kwa vidole, akakuta palipopasuka pakashonwa. "Na hapa nani alishona?"

"Mimi."

"Mshono gani huu? Kama wa gunia." Akapumzika kidogo. "Miaka yote hiyo ulikuwa na fundi ndani. Nikipona nitakifumua nikishone upya."

"Utakishona."

"Kwa nini hukuniambia hii habari ya wafumaji?"

Tulikuwa tumefika kwenye lami, na mzee alibadilisha gia.

Hospitalini walimpokea vizuri, wakamweka kwenye oksijeni. Daktari, binti mdogo mpole, alituita pembeni. Alisema moyo ulikuwa umechoka sana na mapafu yamejaa maji. Kisha akasema, bila kutulaumu, "Angefika jana ingekuwa rahisi zaidi." Jovin akakaa chini sakafuni. Mzee alivua kofia, akaivaa, akaivua tena.

Hiyo jana tulikuwa nyumbani. Gari lilikuwa uwanjani, zima, lina mafuta. Sote tulikuwa tunamngojea Jovin, na mzee alikuwa na sale kwenye mpaka wake.

Mama hakumaliza wiki. Jovin alitaka kukodi gari la heshima la kumpandisha, la vioo na maua, kwa kuwa mvua ilikuwa imepungua na barabara imeanza kukauka. Mzee akakataa.

"Aliipanda mwenyewe," akasema. "Tusimwingize kwenye gari la wageni."

Aliendesha yeye. Hakutaka mtu akae mbele, kwa hiyo Jovin na mimi tulipanda nyuma, tukakaa kwenye ubao kando ya jeneza, na springi ziliporuka tulilishika. Nilikuwa napata kuona ndani kupitia kioo cha nyuma. Kwenye dashibodi kulikuwa na lile jani. Mama alikuwa ameliacha pale siku tulipomshusha.

Tulimzika kwenye migomba, karibu na wakwe zake. Maziko yalipoisha watu wakaanza kuangalia bampa, kila mtu kwa chini chini, maana familia ya marehemu ndiyo hufunga, na safari hii mwenye msiba ndiye mwenye gari. Jovin akachukua panga aende mpakani kukata jani.

"Rudi," baba yake akamwambia. "Lipo."

Akafungua mlango wa mbele, akalichukua lile la kwenye dashibodi. Sale haikauki upesi, bado lilikuwa na ukijani. Akainama akalifunga kwenye bampa kwa fundo, kama wengine wote walivyofunga.

Sasa ni Agosti. Mwezi wa Julai kijana wa hapa, Primus, alifiwa na mama yake, akaja kuomba gari. Kwa vile barabara ilikuwa kavu hakukuwa na ulazima, ila alitaka mama yake apande kama wenzake. Mzee alitoka naye uwanjani, akamwonyesha bampa.

"Jani bado halijadondoka, mwanangu."

Primus akaangalia, akasema pole, akaenda kukodi gari mjini. Ule utani wetu haukusikika kwenye matanga yale.

Litadondokaje, gari halitoki? Na hata likitoka, halitadondoka. Jana nilipita kuchukua majani ya ng'ombe kwenye mpaka nikamkuta mzee amechuchumaa mbele ya Stauti. Jani lilikuwa limekauka, limekuwa rangi ya karatasi ya kaki, fundo limelegea. Alikuwa analizungushia waya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akasema, akaendelea kukaza waya kwa koleo.

Nilichukua majani yangu nikapitia njia nyingine.