Mguu wa Khairiya

Watu wa kijiji cha Ole wakikupenda watakuua kwa sifa. Bi Mwanapili walimwita Mkono wa Heri. Shingo iliyokakamaa, mgongo wa mchumaji karafuu, kiuno cha mzazi aliyejifungua juzi, vyote alivikanda kwa mafuta ya nazi mpaka mtu akasinzia pale pale mkekani. Naye akaziamini hizo sifa. Nani hapendi kusifiwa?

Asubuhi moja ya mwaka tisini na mbili, shoga yake tangu utotoni, Bi Kazija, alimleta binti yake Khairiya juu ya gari ya ng'ombe. Khairiya alikuwa na siku tisa tu tangu ajifungue.

"Mguu huu, shoga. Jana hakulala kabisa."

Bi Mwanapili akagusa shavu la mguu. Mmoja umevimba, umekaza, wa moto. Wa pili hauna kitu. Akauondoa mkono upesi. Mguu kama huo uliovimba aliwahi kuushika, miaka saba nyuma, nao ulikuwa wa Siti, dada yake huyu huyu Khairiya, mzazi vilevile. Aliuchua barabara, toka kisiginoni kwenda juu, kama alivyofundishwa na mamake. Siti akashukuru, akainuka, na mlangoni hakufika. Alishika kifua, akaanguka, akafa. Watu wakasema ni kazi ya Mungu, na Bi Mwanapili akasema pamoja nao.

Mwaka uliopita ndipo alipojua. Kwenye mafunzo ya wakunga daktari aliwaambia: mzazi akivimba mguu mmoja, ukawa wa moto, msiuchue abadan, damu imeganda ndani, na donge likisukumwa hupanda mapafuni. Wenzake waliuliza maswali. Yeye alitoka nje, hakurudi.

"Mbona unamtizama tu?" Bi Kazija akauliza. "Mchue!"

"Simchui. Mpelekeni hospitali, alale hivyo hivyo, asitembee."

"Makubwa! Wa wenzangu unawachua, wangu unamkataa?" Akanyakua chupa ya mafuta. "Basi nitamchua mwenyewe."

Bi Mwanapili akapima haraka. Akinyamaza, Khairiya atakufa. Akisema, amekwisha yeye. Akamdaka shoga yake mkono.

"Kazija, usimchue! Siti nilimuua mimi, kwa mikono hii. Sikujua, wallahi sikujua, lakini ni mimi. Mguu wake ulikuwa hivi hivi."

Chupa ikaanguka. Bi Kazija alimfunika bintiye kanga, akamwambia mwenye ng'ombe, "Twende hospitali."

Mwezi mzima Bi Mwanapili hakumkanda mtu. Kila akisikia hodi, alichungulia dirishani kwanza. Aliambiwa na majirani kwamba Khairiya yu hai, anachomwa sindano. Kwa Bi Kazija haikutoka hata salamu.

Siku ya arubaini tangu mtoto azaliwe, Bi Kazija alikuja mwenyewe, amembeba mjukuu. Aliketi mkekani, akamlaza kitoto mapajani mwa Bi Mwanapili.

"Mkande," alisema. "Mimi nakaa hapa hapa, natizama."

Bi Mwanapili akamimina mafuta kiganjani, akaanzia miguuni.