Utenzi wa ukoo wa wakwe: mbinu ya wanahistoria wa Ottoman iliyoniokoa Butiama

Wakuu, heshima kwenu. Hii ni ya kwangu mwenyewe, chumvi sitiagi. Mpaka sasa nacheka peke yangu kama chizi.

Nauza dagaa Mwigobero, hapa Musoma, na kwenye harusi natungaga mashairi. Ugonjwa wangu mwingine ni historia. Wateja wakikatika, nipo kwenye simu nasoma.

Sasa kuna binti nampenda, Nyabise. Baba yake yuko Bunda, mzee wa ng'ombe. Nimeenda kujitambulisha, akaniuliza zizi letu liko wapi. Wakuu, sina hata mbuzi!

Akasema, "Basi tutungie utenzi wa ukoo wetu, uusome kwenye kikao cha ukoo kule Butiama. Tukiupenda, tutaongea."

Hapo ndo Ottoman wanaingia, msicheke. Nilikuwa nasoma wanahistoria wa ile dola ya Waturuki walivyoandika habari za masultani kwa mashairi. Jamaa hawakuanzaga sifuri. Wanachukua maandishi ya waliowatangulia, wanayapanga kwa vina, sultani wao wanampamba. Wengine wakikuta habari mbili zinagongana, wanaweka zote, halafu wanasema Mungu ndiye ajuaye.

Nikasema kazi si ndo hii!

Chanzo changu kikawa mzee mwenyewe. Akanieleza babu yake alivyofika Butiama anaswaga ng'ombe. Mimi nikapamba, ng'ombe wakajaa bonde zima.

Siku ikafika. Nasoma, makofi, mzee anatabasamu. Nimefika tu kwenye ng'ombe, Bibi wa Bugwema, mama yake mzee, akanyanyua fimbo.

"Ng'ombe gani? Alikuja mikono mitupu, wakampenda, wakampa mke! Na huyo mke ndiye mama mkwe wangu, alinisimulia mwenyewe!"

Mzee kanuna. Nikamwona Nyabise huyooo ananiponyoka. Nikifuata ya mzee, nimemdharau Bibi. Nikifuata ya Bibi, kwaheri mke.

Nikawakumbuka Waturuki wangu, nikafyatua palepale:

*Wa Bunda wao wasema*
*aliswaga ng'ombe wema,*
*ila Bibi wa Bugwema*
*asema hakuwa nao.*

"Na Mungu ndiye ajuaye," nikamalizia.

Weee! Vigelegele! Mzee alicheka mpaka kofia ikadondoka.

Kumbe Bibi hajamaliza. Akamgeukia mwanawe: "Umesikia? Babu yako alipewa mke bila ng'ombe. Huyu unamuuliza zizi la nini?"

"Lakini mama, sisi wa Bunda tunasema..."

Ukumbi mzima ukamzomea kwa kicheko. Akanyoosha mikono juu, akakubali nioe bila ng'ombe. Nilimkumbatia Bibi nusura tuanguke wote!

Nilichojifunza: ukitunga historia usitegemee chanzo kimoja, hasa kama chanzo chenyewe ndo baba mkwe. Mtafute na bibi.

Harusi inakuja. Bibi naye kanitajia mahari yake: nimwongezee beti za mama mkwe wake, maana utenzi wangu wote ulijaa ng'ombe na huyo mama mkwe sikumtaja hata jina. Nazitunga kwa furaha, wakuu.

Haya, kwenu habari za ukoo mnazipataga kwa nani, na nani anabishaga? Mwageni hapa tucheke wote.