Neno "Dawa" kwenye Mfuko wa Maharage

Siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu. Ni ile niliyosimama uani kwa Mzee Byabato, kule Kiruruma, nikiwa na karatasi niliyoichora mwenyewe, nikashindwa kumjibu swali moja. Umenieleza kwamba umepata kazi ya kupanga picha na maandishi kwenye kompyuta, na kwamba hata chakula hakishuki kwa kuwaza rangi na herufi. Ndiyo maana nakueleza habari hii, ingawa siipendi.

Ilikuwa miaka ya themanini. Nilikuwa nimetoka chuoni, na mradi mmoja wa kilimo pale Bugene, wilayani Karagwe, ukanipa kazi ya kutengeneza vipeperushi na lebo za mifuko ya mbegu. Nilikuwa mtu wa wasiwasi. Niliweza kumaliza siku nzima nikijiuliza kama kichwa cha habari kikae katikati au pembeni, kisha nikafuta na kuanza upya. Wenzangu ofisini waliniita Bwana Rula. "Bwana Rula, leo umeipima hata nukta?" walinitania, nami nikacheka, kumbe kweli nimeipima.

Msimu ule tulitoa mbegu za maharage zilizopakwa sumu nyekundu ya kuua wadudu wa udongoni. Kwenye lebo nilichora ungo uliojaa maharage mekundu, yanang'aa, mazuri hata mimi nikayatamani. Juu niliandika kwa herufi kubwa: MBEGU BORA ZA MAHARAGE. Katikati: Zimetiwa dawa. Chini kabisa, kwa herufi ndogo ili ukurasa upumue: Hazifai kuliwa. Mwanzoni nilikuwa nimechora fuvu la kichwa na kuandika neno sumu. Nikawaza kwamba fuvu linaharibu sura ya karatasi, tena litawatisha wakulima. Nikavifuta vyote viwili. Fundi wa mitambo ya kuchapa kule Bukoba aliniuliza fuvu liko wapi, nikamjibu kwamba kazi ya kuchora aniachie mimi.

Mvua zilichelewa. Migomba ilikuwa imeshambuliwa na wadudu, na nyumba nyingi zilibaki na chakula kidogo. Bwana shamba nami tulikwenda Kiruruma kuona kama mbegu zimepandwa. Tulipofika kwa Mzee Byabato tulikuta watu wamekaa kimya kwenye majani yaliyotandikwa uani. Mke wake alikuwa amezikwa jana yake.

Tulimpa pole, naye akatueleza taratibu. Asubuhi ya siku aliyofariki mkewe alimwita mjukuu wao, Kokuhirwa, binti wa darasa la tano, amsomee mfuko wa mbegu zetu kwa sababu yeye mwenyewe hakujua kusoma. Binti akasoma: mbegu bora za maharage, zimetiwa dawa. Ule mstari wa chini ulikuwa umefichwa na mkunjo wa mfuko. Binti akaenda shule, mzee akaenda kwenye shamba lake la kahawa.

Mwanangu, fikiria neno dawa linavyosikika nyumbani. Mama wa Karagwe huchanganya maharage na majivu yasitobolewe na wadudu, na yale majivu huyaita dawa. Siku ya kupika huyaosha maharage, akainjika. Bibi yule alifanya alichofanya maisha yake yote. Aliyaosha mpaka maji yakaacha kuwa mekundu, akapika pamoja na ndizi chache alizokuwa nazo, akala peke yake mchana, akawawekea mumewe na mjukuu chao chunguni. Binti alipotoka shule alimkuta sakafuni.

Mzee alinyoosha mkono nikampa karatasi ya lebo niliyokuwa nayo. Aliigeuza huku na huku.

"Mimi sikusoma," alisema. "Nionyeshe kwa kidole. Kifo kiko wapi hapa?"

Nilitaka kumwonyesha ule mstari mdogo. Kidole changu chenyewe kiliufunika wote. Nikakirudisha.

Hakunigombeza. Alisema tu kwamba binti haongei, na kwamba watu wananong'ona kuwa alisoma vibaya. Hapo ndipo ningepaswa kusema kwamba lebo ni yangu. Nilianza kupima maneno, nikahofia kazi, nikahofia bwana shamba atanionaje, na nilipokuwa bado nachagua, watu wakainuka kusali. Nikaondoka bila kusema.

Mifuko iliyobaki ilikusanywa kwa sababu bwana shamba alipiga kelele, si mimi. Nilikaa wiki tatu na jambo lile. Niliporudi Kiruruma niliambiwa Kokuhirwa amepelekwa Mabira kwa shangazi yake, na kwamba amekataa shule. Nikamfuata. Nilimkuta akichunga mbuzi. Aliniamkia shikamoo bila kunitazama.

Nikamwambia, "Ulisoma sawasawa. Mimi ndiye niliyeandika vibaya."

Alimrudisha mbuzi mmoja kwenye kundi. Kisha akasema, "Bibi aliniuliza mara mbili. Nikamsomea mara mbili."

Akawafuata mbuzi wake. Sikuwahi kusikia kama alirudi shule.

Kwa hiyo, mwanangu, unapoweka picha, ujue inawahi kusema kabla ya maandishi. Ukichora chakula, umeshasema kula, na mstari mdogo hauwezi kulikanusha neno hilo. Picha na neno viseme jambo moja. Lililo zito kuliko yote lipewe nafasi kubwa kuliko yote, hata kama ukurasa utakuwa mbaya. Ukiwa na neno lenye maana mbili, ulitupe. Kabla hujatoa kazi, mpelekee mama asiyejua kusoma na mtoto anayejifunza kusoma, uwaulize wameelewa nini, kisha unyamaze uwasikilize. Mimi niliwaza sana, lakini niliwaza juu ya karatasi. Kuhusu atakayeishika sikuwaza kabisa. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo, hata kwa maneno yasiyopangika.

Mungu akupe jicho la kuwaona watu kabla ya kazi, na kila mtoto atakayesoma maandishi yako kwa sauti asije akaijutia sauti yake.