Mzunguko wa Mwisho

Jana fundi alifungua televisheni yetu kuukuu, ikatoka harufu ya vumbi lililoungua, na hasira ya utotoni ikanirudia.

Nilikuwa darasa la tano. Nyuma ya soko la Kakamega kulikuwa na kibanda cha michezo ya video chenye harufu hiyo hiyo, na sisi tulipenda ule wa pikipiki za siku zijazo, zilizopaa juu ya barabara ya vioo zikirushiana moto. Siku hiyo nilikuwa nimeshinda wavulana watatu mfululizo. Wa nne nilimwacha nyuma, pikipiki yake ikiwaka. Ulibaki mzunguko mmoja.

Mwenye kibanda akaninyang'anya padi ya kuchezea mkononi. "Wasichana hawaendeshangi pikipiki," akasema, akampa kaka yangu aliyekuwa akitazama kando.

Kaka aliipokea bila kunitazama. Akavuka mstari wa mwisho, wavulana wakambeba juu juu wakiimba jina lake.

Walipomshusha nilimrukia nikamng'ata bega mpaka nikaonja damu.

Nyumbani Mama alinichapa mimi peke yangu. "Ulikuwa unatafuta nini huko kwa wavulana?"

"Nilikuwa nashinda," nikamwambia.

Akaniongeza viboko viwili. Kaka alikuwa amesimama mlangoni, akisikia yote; akageuka, akatoka nje.