Ukungu wa Njombe na Moshi Wangu

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, gari lililochoka Ujapani lilikuja kumalizia uzee wake Njombe. Langu lilikuwa la dizeli, na nyuma yake huoni njia.

Asubuhi moja ya baridi nilipakia viazi Mjimwema, magunia nikayahesabu mara mbili. Mnunuzi wangu wa Makambako alikuwa na lori la kwenda Dar, linaondoka saa saba. Nikichelewa, ananunua vya mwingine na vyangu vinaniozea.

Pale mtaa wa Ramadhani trafiki walikuwa wakikagua moshi.

"Kanyaga mafuta," afande akasema.

Nikakanyaga kwa adabu, kama mtu aliyekanyaga mguu wa mkwe.

"Kanyaga kama unapanda mlima."

Nikakanyaga. Nyuma kukawa giza.

"Moshi gani huo?"

"Ukungu, afande. Leo kila kitu kinatoa. Hata wewe ukiongea unatoa."

Wenye magari wakacheka. Yeye hakucheka.

"Sawa. Tungoje jua. Ukungu ukiondoka wako ukabaki, gari linalala hapa."

Nikajiona nimeshinda. Saa nne jua likatoka, ukungu ukaondoka mabondeni kote. Akanikanyagisha tena.

"Na huu?"

"Huu umechelewa kuamka, afande."

Akachukua funguo. Gari haliondoki mpaka fundi aje.

Nikasimamisha lori lililokwisha kukaguliwa, lina nafasi. Dereva wake tulijuana sokoni kwa kugombania bei. Akataja nauli ya kunifikisha Makambako na mzigo wangu.

"Sawa, tupakie."

Akazima injini. "Umesemaje?"

"Nimekubali."

Akashuka, akayazunguka magunia, akayabonyeza moja moja. "Wewe, bei ya kwanza? Hivi viazi umeviiba wapi?"

"Vyangu, kaka. Nimechelewa tu."

"Mimi sibebi mzigo wa kesi. Kama ni vyako, bishana."

Saa zinakwenda. Nikamwambia kwa nauli hiyo watu husafirisha maiti, tena na wafiwa juu. Uso ukamkunjuka. Akasema mimi ni mchawi wa wenye malori, nikasema lori lenyewe halina hata kioo cha pembeni. Akapunguza, nikalalamika, akapunguza tena. Ndipo akafungua bodi, tukahamisha mzigo.

Makambako tulikuta turubai la lori la Dar linafungwa. Mnunuzi akaamuru lifunguliwe, viazi vikaingia. Kwa mapatano yetu nauli ilikuwa juu yake, akauliza ni kiasi gani.

Nikamtajia ile ya kwanza.