Macho Manane

Rafiki yangu wa tangu chuoni alikuwa akifundisha biolojia Ruiru, nami nilisimamia maabara ya shule moja Thika. Jumamosi moja alinijia na buibui mrukaji aliyekufa, amemtia kwenye kichupa cha dawa.

"Nifundishe kupiga picha macho yake," akasema.

Nikamfundisha. Unammulika buibui kwa tochi, unaegemeza simu kwenye hadubini, unapiga picha nyingi, kila moja ukisogeza lenzi kidogo tu, halafu kompyuta inaziunganisha mpaka macho yote manane yaonekane wazi. Kazi hiyo nilikuwa nimeifanya miaka mitatu.

Baada ya mwezi mmoja akanitumia picha yake. Yale macho mawili makubwa ya mbele yalikuwa meusi tititi, na vinywele vilivyoyazunguka ungeweza kuvihesabu. Sikuwa nimewahi kupata picha kama hiyo. Nikamwandikia "safi sana," kisha nikakaa nikitafuta kasoro. Chai ikapoa.

Kasoro aliitaja mwenyewe. "Kuna doa jeupe la mwanga katikati ya jicho. Wewe huliondoaje?"

Nilijua. Unafunika tochi kwa karatasi nyembamba ili mwanga utawanyike, basi. Lakini nikamjibu, "Sogeza tochi karibu zaidi." Jioni hiyo alinipigia mara tatu. Sikushika simu.

Muhula uliofuata shule yake ilikuwa na maonyesho ya sayansi, akanialika. Picha ilikuwa ukutani, kubwa kama mlango, na doa halipo. Wazazi walikuwa wamejazana mbele yake. Aliponiona akanivuta mkono. "Huyu ndiye mwalimu wangu!" Wakanipigia makofi. Nilitamani sakafu inimeze.

Tulipotoka nje nikamwambia, "Ile habari ya tochi nilikudanganya. Nilikuonea wivu."

"Nilijua," akasema. "Nilijaribu siku ile ile, picha ikawa nyeupe tupu. Nikakata kikopo cheupe cha plastiki cha maziwa lala, nikafunika tochi, mwanga ukapoa."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikupigia, hukushika. Ningekuambia nini tena?"

Hakununa, wala hakuniacha. Hadi leo akija Thika hupitia kwangu, tunakunywa chai, ananionyesha picha mpya, nami bado huzikagua nikitafuta kasoro kabla sijazisifu. Ila swali kuhusu mwanga hajaniuliza tena hata siku moja, na siku hizi ninayemwonea wivu ni yeyote yule ambaye yeye humuuliza sasa.